Kwa Nini Ndovu wa Kushoto Hutazama Pembeni

Chekeni mmalize, wageni, kisha msikilize. Ndovu huyu wa kushoto hakuanza na makengeza.

Zamani, magofu haya yalipokuwa mji wa mfalme na mbuzi hawajapata kulala barazani kwake, ndovu wote wa mawe walitazama mbele. Milango ya mahekalu ilielekea mashariki, nao wakaelekeza macho huko huko wapokee jua. Mchonga mawe aliyesifika kuliko wote aliitwa Timmana. Wazazi wao walipokufa alimlea mdogo wake, Gurava, akamfunza kushika tindo na kupiga nyundo bila kujiponda vidole.

Mfalme akataka ndovu wawili wa kulinda ngazi za hekalu jipya, kila ndugu achonge wake. Ambaye ndovu wake angependeza zaidi angekuwa mkuu wa wachongaji. Timmana akacheka moyoni. Ashindwe na nani, na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfuta kamasi?

Kazi ilipoendelea, kicheko kikamkauka. Wachota maji walimpa pole ya kazi, wakapita, wakaenda kusimama kwa Gurava. Vibarua walikula chakula cha mchana kivulini mwa ndovu wa Gurava. Timmana aliyameza yote hayo. Siku moja mkewe, Lakkama, alimletea uji. Akatua kapu, akaegemea mguu wa ndovu wa shemeji yake apumzike, kama mtu anayeegemea ng'ombe wake mwenyewe. Hilo halikumezeka. Wivu ulimshika hasa, na uji wote akauona shubiri.

Sasa, mila ya wachongaji wale ilikuwa hivi. Macho huchongwa mwisho, asubuhi moja, mbele ya watu. Anayeyafungua hatakiwi kutazama kitu kingine chochote, maana anachokiangalia yeye ndicho sanamu itakachokiangalia milele. Timmana mwenyewe ndiye aliyemfunza Gurava mila hiyo.

Siku ilipofika, Timmana alianza. Akagonga tindo, akatupa jicho upande wa mdogo wake. Akagonga tena, akatupa jicho tena. Mbona Gurava katulia? Mbona hajaanza? Kaficha hila gani? Alipomaliza na kusogea kando, watu wakasogea watazame. Ndovu wake alikuwa akimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, na hakuna aliyeuliza mtazamo ule ni wa nani. Timmana akashika nyundo arekebishe, akaiweka chini. Jiwe likishabanduka halirudi.

Ndipo Gurava akaja, akapiga magoti mbele yake, akamnyoshea tindo kwa mikono miwili. Ndovu wake bado hakuwa na macho.

"Kaka," alisema, "nilikuwa nakungoja umalize. Kila nijuacho nimekipata kwako. Nifungulie na huyu."

Aibu ilimchoma Timmana kuliko wivu ulivyomchoma. Akaipokea tindo. Mara hii hakutazama pembeni hata mara moja, na macho yakatoka maangavu, yamenyooka kulielekea jua. Mfalme akamteua Gurava kuwa mkuu, na Timmana ndiye aliyemvika shada la maua. Roho bado ilimwuma kidogo. Msidhani wivu huondoka kwa siku moja.

Baadaye vita vikaja, mji ukateketea, paa la hekalu likaanguka. Ndovu wakabaki walipo.

Na tangu siku ile ya kufunguliwa macho, ndovu wa kushoto hamwondolei mwenzake macho. Na miongoni mwa wachonga mawe wa nchi hii, mdogo hafungui macho ya sanamu yake maadamu kaka yake yu hai. Humpelekea tindo kwa mikono miwili. Nanyi mliomcheka wa kushoto mkamsifu wa kulia, watazameni tena. Macho ya wote wawili yalichongwa na mkono mmoja.