Bibi Aliyevua Ndala

Kulikuwa na mpiga besi mmoja. Sisemi hili gitaa la umeme la vijana wetu wa kwaya. Nasema besi la zamani, la mbao tupu, kubwa kuliko mwenyewe, linalopigwa mtu amesimama. Bendi yao ilizunguka mji kwa mji, na besi lilisafiri juu ya basi, limefunikwa turubai. Kila kituo watu walivua kofia, wakidhani ni jeneza: "Poleni sana na msiba." Mnacheka! Yeye alishachoka kucheka.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye bendi ile. Mpiga banjo alishangiliwa, mpiga fidla akavishwa mashada. Yeye je? Nani kati yenu amewahi kutoka harusini akisema, "Jamani, lile besi!"?

Sasa siku moja, katikati ya wimbo, bibi mmoja akaja mbele kabisa. Akavua ndala, akakanyaga jukwaa la mbao, akaketi ukingoni, nyayo juu ya mbao, pale pale mguu wa besi ulipokita. Kisha akaweka kiganja kwenye mbao hizo za jukwaa, akakibonyeza taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto anyamaze.

Mpiga besi akajua ameambiwa apunguze. Kwa heshima akapunguza. Bibi akabonyeza zaidi. Basi akaacha kabisa, akasimama ameshika chombo chake kama mlinzi. Na ukumbini, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo! Iliuma, ndugu zangu. Akasema moyoni, "Kesho narudi kwetu. Besi hili nitalifanya kabati."

Wimbo haujaisha, bibi akainuka, akamvuta shati, anapunga mikono, machozi yanamtoka. Binti yake, mama mtu mzima, akaja mbio.

"Samahani, kaka yangu. Mama anauliza mbona umeacha kupiga."

"Si yeye aliyenizuia? Mwambie asikilize wenzangu, hao bado wanapiga."

"Kaka, mama ni kiziwi. Hao anawaona mikono na midomo tu. Ukumbi mzima huu, anakusikia wewe peke yako. Anakusikia kwa kiganja na kwa miguu."

Wapendwa, yule baba alilia mbele za watu. Halafu akapiga.

Sisi nasi tunapenda mno kupigiwa makofi. Tusipoyasikia tunasema kazi yetu ni bure. Wewe unayedeki kanisa hili Jumamosi, wewe unayemwogesha mama mkwe mgonjwa na hakuna anayekuambia ahsante, nani amekwambia husikiki? Umewauliza wote? Hata aliyekaa kimya? Hata yule uliyedhani anakukataza?

Yupo mmoja kati yetu aliyekuja leo amekata shauri kuacha huduma yake. Sitamtaja, na asijifiche nyuma ya nguzo. Nampenda huyo mtu. Ndugu yangu, nakuomba, kabla hujafunga mzigo wako, tazama chini, karibu na miguu yako. Kuna mtu amevua ndala, anakusubiri upige.