Pimbi na Mlango wa Hesabu za Juu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nini?
— Palikuwa na shule!
— Shule ya nani?
— Ya wote!
— Waongo wakubwa nyie! Sogeeni niwaambie.

Zamani wanyama walijenga shule yao. Tembo alileta magogo, mchwa alileta udongo, kila mmoja alitoa jasho lake. Lakini darasa la mwisho, la hesabu za juu, mlango wake ulishikwa na Bwana Chui. Na waliosoma humo ndio waliogawa maji ya kisima wakati wa kiangazi. Wadogo hawakusoma humo, basi kila kiangazi waligawiwa matope.

Chui alikuwa na desturi yake: anayetaka kuingia ajibu swali mlangoni. Nyati akija, huulizwa, "Moja na moja?" Akisema mbili, "Pita, mwanangu." Mtoto wa Chui akija, haulizwi kitu. Mdogo akija, huulizwa, "Nyota za mbinguni ni ngapi?" Akikosa, "Mdogo mlangoni, mdogo tumboni!" Kwaru! Digidigi, rafiki yake Pimbi, alikwenda na daftari kwapani. Zikabaki kwato.

Pimbi aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini kiangazi kilikuwa kinakuja, na mama yake alikuwa anakohoa matope ya mwaka jana. Asubuhi moja akaenda, meno te-te-te-te. Akabisha, ngo ngo ngo!

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, Bwana Mkubwa."

Chui akatoka akilamba midomo. "Nyota za mbinguni..."

"Ngoja, Bwana Mkubwa! Mimi tonge moja tu. Mbona ule tonge, na sinia zima lipo?"

Tumbo la Chui likanguruma, nguru-nguru-nguru. "Sinia lipi?"

"Tupe mtihani shule nzima, siku moja. Atakayefeli ni wako. Ila tusiandike majina, tuandike namba. Ukila jina, mama mtu atakuja kulia hapa mlangoni. Ukila namba, nani atalilia namba?"

Chui akacheka hadi machozi. "Una akili, kijitonge. Wewe nitakula mwisho."

"Basi uape mbele ya wote kwamba aliyefeli haponi, wasije wakadhani ni mzaha."

Chui akaapa kwa madoa ya mama yake. Na chui akivunja kiapo hicho, madoa yake hupukutika yote.

Siku ya mtihani ikafika. Wadogo walikuwa wamesikiliza masomo miaka mitatu, wamejibanza nyuma ya ukuta. Hata hivyo kalamu ilimponyoka Pimbi mara mbili. Mwalimu Bundi akasahihisha, asijue namba ipi ni ya nani.

"Amefeli mmoja tu," Bundi akasema.

Moyo wa Pimbi, du-du-du. Hakukumbuka kama alijibu swali la mwisho.

"Namba kumi na mbili."

"Namba kumi na mbili, toka!" Chui akanguruma. Hakutoka mtu. "Toka nasema!"

Akatoka mtoto wake mwenyewe, kamasi zikimchuruzika. "Baba, mimi hujaniuliza swali hata siku moja. Ningejuaje?"

Chui akamtazama mtoto, akatazama madoa yake. Pimbi naye akaingiwa na hofu mpya, maana mtoto yule alikuwa mtoto tu.

"Bwana Mkubwa," akasema kwa sauti nyembamba, "aliyeapa ni mwenye mlango. Ukiuacha mlango, kiapo hakina mwenyewe."

Chui akaondoka, mkia chini, wala hakugeuka nyuma. Pimbi akaingia darasani. Wadogo wakaingia, wakubwa wakaingia, na mtoto wa Chui akaingia akaanza mwanzo. Kiangazi kile mama yake Pimbi alikunywa maji.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: wadogo, kaeni mbali na hesabu za juu. Hesabu huleta ubishi, na mkubwa akibishiwa hulala na njaa. Nani kati yenu ana roho mbaya ya kumlaza mkubwa na njaa?