Nukta Tano Nyeupe

"Fundi kijicho haambiwi ahsante." Mmeyasikia maneno hayo leo pale kwenye duka la vipuri, mkacheka, mkadhani ni matusi ya mafundi. Si matusi. Ni methali, na ina kwao kama mtu alivyo na kwao. Kwao ni Mbeya, gereji ya Mzee Mwasenga, na iliyoizaa ni bolti tano fupi kuliko kidole cha mtoto. Kaeni basi, na wewe mwenye simu iweke mfukoni, maana mimi sirudii.

Katika gereji hiyo alikuwapo fundi aitwaye Ambakisye. Miaka kumi na tisa alifungua injini pale, na mkono wake ulijulikana mji mzima. Kila alipokaza bolti ya ndani, aliitia nukta ya rangi nyeupe, ili aonaye ajue imekwisha kazwa. Mzee Mwasenga ndiye aliyemfundisha hivyo, tangu siku ambazo hakujua hata kushika spana. Mafundi wengine walisahau nukta zao. Ambakisye hakusahau hata siku moja.

Mzee alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua. Alishatangaza kwamba mbio za magari za kupanda mlima wa kwenda Chunya zikiisha, atamteua fundi mkuu na kumkabidhi ufunguo wa chumba cha injini. Ambakisye alijua ufunguo ule ni wake. Alishapigilia hata msumari wa kuutundika nyumbani kwake, masikini.

Ndipo akaja fundi mwingine, Shomvi, kutoka Dar. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, lakini mwenyeji huyu alianza kuugua siku ileile. Shomvi alikuwa mcheshi, na wateja walimzunguka. Ambakisye alivumilia, mpaka siku dada Subilaga alipoleta gari lake jekundu la mashindano. Kwa miaka sita gari hilo lilifunguliwa na Ambakisye peke yake. Safari hii lilikuwa limetiwa turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Subilaga akamsalimu Ambakisye vizuri, akampita, akaenda kumkabidhi Shomvi.

"Nasikia huko Dar mmezizoea hizi," alimwambia.

Wivu ukamkaa Ambakisye kooni kama mwiba wa samaki. Mchana ule hakula. Alimsikia Shomvi akipiga mluzi, akauchukia mluzi wenyewe. Hata chai aliyoipika Shomvi aliiona chungu, na sukari alikuwa ametia mwenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa, msije mkapotea njiani. Injini ile ilikuwa na kamshafti mbili. Moja hufungua valvu za kuingiza hewa, ya pili hufungua valvu za kutoa moshi. Juu yake Shomvi alifunga gia za kurekebisha, zile ambazo ukilegeza bolti zake tano unaweza kuizungusha gia nyuzi chache, valvu ziwahi kufunguka au zichelewe; hiyo ndiyo taimingi. Gia ya moshi aliichelewesha nyuzi nne, kama alivyozoea kwenye injini zisizo na turbo. Maana, niwaambie ukweli, hizo turbo za Dar alikuwa akizisikia tu, kama Ambakisye alivyokuwa akizisikia. Aliona haya kusema. Alhamisi walipolijaribu gari lilikuwa zito mwanzoni mwa mlima, naye akanyamaza.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mbio, Shomvi akanawa mikono.

"Kaka Amba, niangalizie gari. Nikitoka msikitini nafunga kifuniko."

"Nenda tu," Ambakisye akamjibu, meno nje.

Wengine walikwenda kula. Ambakisye akachukua spana, akalegeza zile bolti tano, akaitoa gia ya moshi kwenye nyuzi nne za kuchelewa akaipeleka kwenye tatu za kuwahi. Hakutaka kuiua injini, alitaka iaibike. Aliwaza kwamba moshi ukiwahi kutoka, utatoka kabla haujamaliza kuisukuma pistoni, na nguvu yote itapotelea kwenye ekzosi. Akaizungusha injini kwa mkono mara mbili kuhakikisha valvu hazigusi pistoni. Kisha akakaza, na mkono wake ukamalizia kazi kama siku zote. Shomvi aliporudi alifunga kifuniko bila kutazama ndani. Angetazama nini, na alikuwa ameacha mlinzi?

Jumamosi Ambakisye alisimama chini ya mlima, akisubiri kusikia gari likikohoa. Halikukohoa. Turbo huzungushwa na moshi, na moshi uliowahi kutoka uliwahi pia kuiamsha turbo. Gari liliushika mlima tangu kona ya kwanza, na Subilaga akawashinda wote kwa sekunde tisa.

Waliporudi gereji, watu walimpigia Shomvi makofi. Ambakisye naye alipiga, huku roho ikimuuma. Lakini Shomvi hakucheka. Alifungua kifuniko, akatazama, akageuka.

"Hii si taimingi yangu," alisema. "Niliiacha nne za kuchelewa, naikuta tatu za kuwahi. Aliyefanya hivi amenishinda ufundi. Ajitokeze nimpe mkono."

"Na ufunguo ni wake," akasema Mzee Mwasenga, akautoa mfukoni.

Ufunguo ule aliouota ulikuwa hatua tatu tu mbele yake. Mguu wa Ambakisye ulitangulia kabla hajaamua.

"Ni mimi, mzee."

Mzee akainama polepole kwa magoti yale, akaitazama gia. Nukta tano nyeupe zilikuwa juu ya bolti, zimekaa sawasawa.

"Nimekwisha kuona, mwanangu. Ulimwambia Shomvi?"

"Hapana."

"Dereva ulimwambia?"

Kabla hajajibu, Subilaga akamsogelea. "Kaka Amba, mimi nilikuwa ndani ya gari lile. Ulitaka lipande, au lisipande?"

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, na msumari wa nyumbani ungepata kazi. Lakini mwanamke huyu alipanda mlima miaka sita bila kumuuliza hata mara moja kama bolti zimekazwa.

"Lisipande," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Mzee akamtazama kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Kazi ni nzuri," akasema, "ila fundi kijicho haambiwi ahsante." Akampa Shomvi ufunguo.

Jumatatu Shomvi aliziandika namba zile kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha injini. Tangu hapo, kila gari la turbo lililofanana na lile lilianzia hapo, na mji wote ukaiita taimingi ya Shomvi. Mwenyewe aliona vibaya. Siku moja alimfuata Ambakisye benchini.

"Kaka, acha basi nikushukuru, hata kama ni sisi wawili tu."

Ambakisye hakuinua uso. Alikuwa akitia nukta nyeupe kwenye bolti.

"Usinishukuru, Shomvi," alisema. "Mimi nilitaka ulie."

Basi, wanangu, fundi kijicho haambiwi ahsante. Na akiambiwa, hana pa kuipokelea.