Sauti Chini ya Bati

Kovu ni kidonda kilichofunga mlango. Anayelitazama kwa nje huona ngozi imeshikana, akadhani na ndani nako kumetulia. Ndiyo maana wahenga walituonya kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Esteri aliisoma methali hiyo shuleni, akaijibu vizuri kwenye mtihani, lakini maana yake hasa alikuja kuijua akiwa mke wa mtu.

Aliishi na mumewe Melkiadi katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kibondo, ambako asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye migomba, na mtu anayetoka kisimani huonekana kama anayetembea angani. Mama mkwe wake, Epifania, aliishi kando yao katika nyumba ya nyasi. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, vita vya mwaka wa sabini na mbili vilipowamaliza watu wa kwao. Akaolewa huku, akazaa huku, akapata uraia, akafiwa na mume, akaendelea kulima. Mkononi alikuwa na kovu refu. Watoto walipomuuliza, aliwaambia ni njia ya siafu, kisha akacheka kicheko kilichofika hadi kwa majirani.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Hata ibada iwe katikati, mvua kubwa ikianza kupiga bati la kanisa, Epifania aliinuka, akatoka, akasimama nje akitazama njia mpaka mvua ikatike. Watu walisema anapenda mvua kama chura. Esteri naye aliamini hivyo.

Mwaka huo maharage yalikubali. Melkiadi akamjengea mama yake nyumba ya matofali, juu bati jipya linalong'aa kama kioo. Epifania alishukuru, akahamia. Lakini mvua ya kwanza iliponyesha alikunja mkeka wake, akarudi kwenye nyumba ya nyasi akiwa amelowa chapachapa. Alipobembelezwa alisema tu, "Nyumba yako ni nzuri, mwanangu. Niache hapa."

Maneno yakaanza kuzagaa sokoni. Wengine walisema mama amemkataa mwana, wengine wakanong'ona kuwa mkamwana ndiye aliyemfukuza. Melkiadi akawa hali akashiba.

"Jumamosi wanajumuiya wa kanisa wanakuja kuibariki nyumba," alimwambia mkewe. "Ijumaa nabomoa kile kibanda. Mama yangu hatalala kwenye nyasi kama mtu asiye na mtoto."

Wakati huo Esteri alikuwa amejiunga na kikundi cha wanawake mjini Kibondo waliokuwa wakijifunza kupiga picha za kumbukumbu za vita. Mwalimu wao, Arielle, alikuwa Mkongomani aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Aliwapa kamera na sharti moja: anayepigwa ndiye achague mahali, saa na namna ya kusimama.

"Wewe unashika kamera," alisema, "lakini picha ni yeye anaishika."

Esteri alimchagua mama mkwe wake, kwa kuwa aliona hiyo ndiyo kazi nyepesi. Wenzake walikuwa na watu wanaolia. Yeye alikuwa na mtu anayecheka.

"Mama, nataka nipige hilo kovu," alimwambia.

Epifania aliugeuza mkono wake juani, akaupapasa. "Hili? Hili ni miti ilinichana nikikimbia. Hili halina neno, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Tusubiri mvua."

Mvua ilikuja alasiri ya Alhamisi. Ilitanguliwa na giza la kijani lililofanya migomba ionekane kama imezama ziwani. Epifania alimshika Esteri mkono, akamwingiza katika nyumba mpya, akamsimamisha dirishani.

"Wewe kaa humu. Mimi nitakuwa nje. Ukiona nakuita, piga."

Akatoka. Mvua ikaliangukia bati kana kwamba magunia ya mahindi yanamwagwa juu ya paa. Esteri hakusikia tena kitu, hata pumzi yake mwenyewe. Nje, nyuma ya pazia la maji, yule mama alionekana mdogo, kama binti anayeotwa ndotoni. Aliinua mikono. Akafungua kinywa. Mishipa ya shingo ikamsimama, akaita, akaita tena, na hata neno moja halikufika dirishani. Esteri akapiga picha. Kisha, bila kujua sababu, akaiweka kamera chini, akatoka mbio kwenye mvua.

Alimkuta Epifania amepiga magoti kwenye tope. Akamwongoza hadi kwenye nyumba ya nyasi. Humo mvua ilikuwa mnong'ono tu.

"Baba alikuwa mwalimu," Epifania alisema moto ulipowaka. "Pale mlimani nyumba yetu ndiyo pekee iliyokuwa na bati. Nilitoka kumfungua mbuzi, mvua ikanikuta njiani. Nikaona wanaume wanapanda na bunduki. Nikaita. Nikamwita baba, nikamwita mama, nikamwita kaka Ndihokubwayo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Hawakunisikia."

Esteri akamfunika kwa khanga kavu, naye akaendelea.

"Mpaka leo mvua ikinikuta chini ya bati, nadhani kuna mtu ananiita huko nje, na mimi simsikii."

Kesho yake Melkiadi alifika na jembe na panga, uso umefura. Esteri akasimama mlangoni pa nyumba ya nyasi, akamnyooshea kamera, ile picha ya jana ikionekana kwenye kioo chake. Melkiadi aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Anasema nini?"

"Muulize mwenyewe. Yumo ndani."

Melkiadi aliinama, akaingia. Alipotoka, jua lilikuwa limekwisha geuka na macho yake yalikuwa mekundu. Epifania alimfuata nyuma.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote hii."

"Ulinijengea kwa furaha. Ningekuambiaje kwamba nyumba yako inanifanya kiziwi?"

Jumamosi wanajumuiya walipokuja, walimkuta Melkiadi juu ya ile nyumba ya nyasi, akiezeka upya. Waliombwa waibariki hiyo pia, wakaibariki. Maneno ya sokoni yakafa yenyewe. Epifania hakuacha kutoka kanisani mvua ikinyesha, ila sasa mwanawe hutoka naye, wakasimama pamoja wakiitazama njia.

Picha za kikundi zilikuja kuonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini Kasulu. Epifania alivaa kitenge kipya, akawa anapiga soga na Arielle, kicheko chake kikijaza ukumbi. Kijana mmoja alisimama mbele ya picha yake, akatabasamu.

"Bibi huyu ana raha kweli. Anaimba na mvua."

Esteri alimtazama mama mkwe wake. Epifania alikuwa amesikia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kumruhusu aseme.

"Haimbi, kaka," Esteri akasema. "Anawaita watu wake, na hawamsikii."

Kijana akamgeukia yule mama aliyekuwa akicheka sasa hivi, akairudia picha, akavua kofia. Alikuwa ameona kwa macho yake: mwenye kovu usidhani kapoa.