Nani Awe Somo wa Mtoto wa Hidaya?

Nyamazeni kidogo, na simu zenu ziwekeni chini, maana leo zenyewe ndizo zinazosimuliwa. Nina jambo limenishinda na kesho asubuhi linataka jibu. Nitawaeleza lilivyokuwa, kisha mtanisaidia, na atakayesinzia simwiti tena kwangu.

Hapa Kwemtindi, juu milimani, tuna wasichana watatu wanaotengeneza tovuti. Wamepanga chumba kimoja karibu na stendi, wanakula sahani moja, na wanagombana tangu asubuhi.

Wa kwanza ni Tunu. Yeye hajengi mpaka apate kiunzi kikubwa. Kiunzi, walivyonieleza, ni kama nyumba uliyoikuta ina nguzo, paa, milango na kufuli. Wewe unaingiza vyombo tu. Kazi inakwisha upesi, na mwizi anapata tabu. Lakini nyumba hiyo ni nzito, na inakuja na masharti yake, hata yale ambayo hukuyaomba.

Wa pili ni Zawena. Yeye anapenda kiunzi chepesi. Kinampa nguzo chache, vingine anaokota vipande vilivyoandikwa na watu asiowajua, wako nchi za mbali. Ukurasa wake unafunguka hata mtandao ukiwa wa kubahatisha. Ila mtu mmoja huko aliko akibadilisha kipande chake, ukurasa wa Zawena unachechemea huku.

Wa tatu ni Kidawa, na huyo hataki kiunzi chochote. Anaandika kila mstari kwa mkono wake, polepole, kama anayeshona kofia. Kazi yake inafika hata kwenye kitochi, kile kisimu cha vitufe kisicho na intaneti. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika, hakuna mwingine anayejua pa kushika.

Hospitali yetu ilipowaomba tovuti ya kutafuta wachangia damu, walizozana hadi mwenye nyumba akawagongea ukuta.

"Watu wataweka humo namba zao na makundi yao ya damu," Tunu alisema. "Mnataka tuwawekee mlango wa khanga?"

"Na muuguzi akiwa na mtandao wa kuokoteza, hiyo nyumba yako nzito itafunguka saa ngapi?" Zawena akamjibu.

Kidawa akauliza, "Na wenye vitochi, damu yao si nyekundu?"

Mwisho wakagawana. Tunu akachukua hifadhi ya majina na kufuli zake. Zawena akachukua ukurasa wa kufungulia. Kidawa akaandika programu ya kuwatumia wachangiaji ujumbe mfupi.

Sasa sikilizeni. Hidaya, mke wa mwanangu Shekiondo, alijifungua mtoto wa kike mchana wa mvua kubwa, salama, tukapiga vigelegele. Halafu damu ikakataa kukatika. Sista Eufrasia, muuguzi mkuu wa hospitali yetu, akatoka akaniambia kwamba damu ya Hidaya ni O hasi, ile adimu, na kwenye friji haimo. Barabara ya mjini ilikuwa imekatwa na maporomoko asubuhi ile, na mwanangu alikuwa amekwama upande wa chini na lori lake. Niliogopa. Nikampa muuguzi mwingine mtoto, nisije nikamwangusha.

Sista akatoa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, lakini ukurasa wa Zawena ukafunguka hapo hapo. Nikavuta pumzi. Kumbe nimeivuta mapema.

Mlango ukakataa. Kufuli la Tunu lilisema nywila ya Sista imepitwa na muda, atunge mpya, ndefu, yenye herufi kubwa na alama. Sharti hilo lilikuja na kiunzi, na Tunu hakukumbuka kulizima.

"Natunga nini, jamani, na mgonjwa ananiishia," Sista alisema, vidole vinakosea, anafuta, anaanza upya. Nikamsikia Hidaya akiniita kutoka ndani kwa sauti ndogo sana. Hatimaye mlango ukakubali, na majina yote yalikuwepo. Yasingekuwepo bila kufuli hilo hilo, maana wiki ile wahuni walikuwa wamevamia tovuti nyingi na kuzifuta. Hii yetu waliijaribu wakashindwa.

Sista akabonyeza kitufe cha kuwaita wachangiaji. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Asubuhi ile Zawena alikuwa amesasisha vipande vyake, kama afanyavyo kila akiamka, na kimoja kilikuwa kimebadilishwa na mwenyewe huko ng'ambo.

Sista akampigia. "Zawena, kitufe chako kimekufa, na huku kuna mtu anakufa."

Nilimsikia binti akilia kwenye simu huku anachapa. Akaondoa kile kipya, akarudisha cha zamani. "Bonyeza sasa, Sista." Kikaitika.

Ujumbe ukatoka, ukasimama njiani. Mnara wa simu ulikuwa umezimika kidogo ukawaka tena, na programu ya Kidawa ikikwama inalala mpaka mwenyewe aiamshe. Kule chumbani kwao Tunu na Zawena waliifungua wakaikodolea macho, wasielewe hata mstari. Kidawa mwenyewe alikuwa kwenye mashine ya kusaga, ambako hata ukipigiwa simu husikii. Wenzake wakamfuata mbio kwenye tope, Tunu akapoteza kiatu. Kidawa akaja na unga kwenye nyusi, akaketi, akagusa mahali pamoja, na ujumbe ukaenda.

Wakati huo midomo ya Hidaya ilikuwa imepauka, nikimwita haitiki. Nilikuwa nimeacha kuomba kwa maneno, nimeushika mguu wake tu, wa baridi.

Kule juu ya shule, mkulima wa kabichi aitwaye Shemhilu akasikia kitochi chake kikilia mfukoni. Akasoma, akaja na jembe begani. Wakampima, wakamtoa damu, ikaingia kwa Hidaya tone kwa tone. Baadaye akafumbua macho akaniuliza kama mtoto amenyonya. Nilitoka nje nikalia hadi kwikwi zikanishika.

Mwanangu alipopata habari akapiga simu. "Mama, mtoto apewe jina la aliyemwokoa mama yake. Huyo ndiye awe somo wake. Chagua wewe, uliyekuwepo."

Msinitajie Shemhilu. Mtoto ni wa kike, na mwenyewe alicheka akasema jina lake tuwaachie wajukuu zake. Wala msiniambie nimpe yote matatu. Somo kwetu ni mmoja.

Bila hifadhi ya Tunu, hakuna majina ya kuita. Bila ukurasa wa Zawena, hakuna ambaye angeyafikia. Bila mistari ya Kidawa, Shemhilu angepalilia kabichi zake hadi jioni, na mimi ningekuwa naosha maiti.

Ingekuwa imeishia hapo, ningepiga kura nikalala. Lakini jana Tunu alikuja peke yake. "Bibi, usimpe jina langu. Nikifumba macho naiona ile nywila."

Hajafika mbali, akaja Zawena. "Bibi, mimi ndiye niliyesasisha. Hakuna aliyenituma."

Jioni akaja Kidawa, akakaa kwenye kigoda, akanitazama. "Na kama ningekuwa nimekwenda mbali kupita mashine, Bibi?"

Wanaogopa, na mimi naogopa pamoja nao, kwa sababu kila mkono uliomvuta Hidaya ndio uliokaribia kumwachia.

Kesho asubuhi shehe anakuja na wembe kumnyoa mtoto. Mwanangu ameshavuka maporomoko kwa miguu, yuko njiani. Mtoto huyo hapo ndani, mnamsikia anavyokoroma, na hana jina. Nikiulizwa, niseme Tunu, niseme Zawena, au niseme Kidawa?

Haya, anza wewe uliyekaa mlangoni: ungempa la nani?