Ngiri na Lundo Lake la Karanga

Ngano, ngano!

*Ngano ije, na chumvi tuitie!*

Palikuwa?

*Palikuwa!*

Palikuwa na Ngiri, tumbo lake lile! Kiangazi kilipobakiza chemchemi moja, akaifanya kitanda. Akilala, chubwi! Akigeuka, chubwi! Nguchiro mdogo na wanawe wanne wakawa wanakunywa tope. Moyo ulimuuma huyo mama, acheni tu.

"Bwana Ngiri, tuicheze. Atakayeshinda, chemchemi yake."

"Kidudu wee! Tutachezea nini?"

"Karanga za maganda. Nitazikaanga mwenyewe."

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi."

Ngiri akameza mate, akakubali.

Bi Korongo akawa mwamuzi. Akatia kibuyuni kokwa kumi na mbili, zenye mstari mmoja hadi mistari kumi na miwili. Kila mmoja huchukua yake kwa siri, huweka dau, na mistari mingi hushinda. Ukiogopa, unasema "napita" na kulipa karanga moja. Kokwa iliyotumika hulala wazi, hairudi kibuyuni. "Na asiyefikisha dau la mwenzake," akasema Bi Korongo, "ametoka!"

Kila mmoja akapewa karanga ishirini.

Nguchiro akachungulia kokwa yake: mistari miwili. Akawaza, mara kumi nikicheza hii, tisa nalia. "Napita." Ngiri akapokea moja, akatafuna tano. Kacha-kacha! Maganda akayatupia palepale kwenye lundo lake.

Mara ya pili, "napita." Kacha-kacha!

Mara ya tatu, "napita." Kacha-kacha!

Mara ya nne, "napita." Kacha-kacha!

Wanyama waliokuja kutazama wakacheka. "Mwoga! Tazameni lundo la Ngiri lilivyopanda!"

Lundo kweli lilipanda. Lakini Nguchiro hakulitazama, alilisikiliza. Nampa moja, anakula tano. Nampa moja, anakula tano. Masikio yake yalikuwa yanahesabu.

Mara ya tano akapata kokwa ya mistari tisa. Akatazama zilizolala chini. Zilizofichika ni tatu tu: ya mistari mitatu, ya mitano, na ya kumi na miwili. Basi mara tatu nikicheza, mbili nashinda. Lakini ile ya tatu? Akawaona wanawe kando, midomo imekauka. Nikiweka chache, naiachia bahati mlango. Nikiweka zote, huyu atafikisha kwa karanga zipi?

"Zote! Kumi na sita!"

Ngiri akacheka mpaka akakohoa. "Nimo! Kumi na sita ni nini kwangu?" Akachota kwenye lundo. Maganda. Akachota tena. Maganda! Akafukua kwa pua, fukufuku, fukufuku, akapata karanga nne.

"Hujafikisha," akasema Bi Korongo.

"Lakini tazama kokwa yangu!" Ngiri akaitupa chini. Mistari kumi na miwili! Wote wakashika vichwa.

"Kokwa nzuri sana, hongera," akasema Bi Korongo. "Karanga ziko wapi?"

Ngiri akacheua.

Wale watoto wanne wakakimbilia majini, chubwi, chubwi, chubwi, chubwi!

Funzo, wanangu: msijisumbue na hesabu. Nguchiro alihesabu siku nzima, akarudi nyumbani na njaa. Ngiri hakuhesabu hata moja, na ndiye peke yake aliyeshiba.

Ngano nimeimenya, imekwisha. Aliyecheka zaidi afagie maganda.