Nyumba ya Kona ya Kushoto

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kuongea, ni zamani ya watu wenye redio na vyeti vya shule, palikuwa na shamba la mkonge lililoitwa Kwembago, na shamba lilikuwa na timu, na timu iliitwa Shime, na Shime ilikuwa na uwanja wenye taabu yake. Upande wa kulia uwanja ulipakana na mkonge wenyewe. Mpira ukipotelea kulia unachomwa na miiba, unatoa pumzi, mechi inasimama mpaka upatikane mwingine, na mara nyingi haupatikani. Basi watu wa Shime wakacheza kushoto. Walishambulia kushoto, wakibanwa waliutoa kushoto, na mtoto aliyeanza kupiga mpira Kwembago aliupiga kwa mguu wa kushoto hata kama kijiko alikishika kwa kulia. Winga wa kushoto, mwenye jezi namba kumi na moja, huyo ndiye alikuwa timu. Wengine kumi walikuwa wasindikizaji.

Na kwenye kona ya kushoto, hatua chache nyuma ya kibendera, palikuwa na nyumba. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bomba uani, bati lisilovuja. Wenye shamba waliwapa mashabiki nyumba hiyo siku Shime ilipochukua kombe la kwanza, na mashabiki wakaweka desturi yao: humo atakaa winga bora kuliko wote tangu timu ianze, atakaa mpaka afe, na akishazikwa na arobaini ikapita, mashabiki watakaa kikao uwanjani wachague mwingine. Sasa Mzee Mndolwa, aliyekuwa akikaa humo, alikuwa amekufa. Arobaini yake ilisomwa Alhamisi. Kikao kikaitishwa Jumapili.

Kulikuwa na mwanamke kijana, jina lake Zawena, mke wa Kibwana aliyekuwa winga wa Shime. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, Nasra. Nasra alikuwa amelazwa mara mbili kwa nimonia, na mara ya pili nesi alimshika Zawena mkono akamwambia taratibu kwamba mtoto huyu asilale tena penye unyevu, kwa sababu safari ya tatu yeye hawezi kuahidi kitu. Asilale penye unyevu, na chumba chao cha kambini kilikuwa na ukuta unaotoka majani. Tena hata hicho chumba walikuwa wanakitoka, maana vyumba vya kambini ni vya wakata mkonge, na Kibwana tangu avunjike mguu hakati mkonge, na barua ilikuwa imekuja, mwisho Jumamosi inayofuata kikao. Kwa mama yake Zawena walikuwa wanalala wanane. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya kiwanda cha mkonge, yanakuja, yanaondoka, yanakuja.

Kwa hiyo Zawena alikwenda kikaoni mtoto akiwa mgongoni, na masikio yake yalikuwa zaidi mgongoni kuliko mbele, anasikiliza kifua, kinakoroma, hakikoromi, kinakoroma.

Watu walijaa baada ya swala ya alasiri. Katibu wa mashabiki, Bwana Mntambo, alisimama kwenye nukta ya katikati, akataja majina matatu yaliyopendekezwa, akawaambia wenye majina wasogee. Wakasogea watatu. Akaja Chambo, akaja Semhando, akaja Kibwana na gongo lake la kutembelea.

Wazee walianza na Chambo. Walisema mabao themanini na matatu. Walisema beki wa shamba la jirani alipigwa chenga tatu na Chambo dakika moja, kesho yake akaomba likizo. Walisema kombe la pili lililetwa na mguu wa Chambo peke yake, na leo mtu huyo analala jikoni kwa mpwa wake, kichwa kimeelekea mafigani, ni aibu kwa Shime nzima. Chambo mwenyewe alikuwa amenyooka kama kijana, ndevu nyeupe.

"Winga ni mtu anayepita," akasema. "Mimi nilipita. Sikumngoja mtu, sikumwomba mtu. Nipe mpira, kaa chini, subiri bao. Nani mwingine hapa alipita kama mimi?"

Sauti ikatoka nyuma, ya mama mmoja muuza maandazi. "Mzee Chambo, shikamoo. Ulipita kweli. Uliwapita hata wa kwako."

Watu wakacheka, maana wote waliikumbuka ile fainali waliyofungwa. Chambo na mpira, wenzake wawili peke yao mbele ya goli wanapunga mikono, na Chambo anakwenda, anakwenda, mpaka akafika kwa kipa, kipa akamnyang'anya.

Wakaja watu wa Semhando. Hawa walikuwa wengi wa makamo, watu wa kiwandani, watu wa hesabu. Walisema miaka tisa Semhando amevaa kumi na moja, na kwa miaka tisa Shime haikufungwa nyumbani. Walisema washambuliaji wanne wamechaguliwa timu ya mkoa kwa krosi za Semhando, wamepata kazi mjini, na yeye hakuna aliyemwita hata kwa majaribio. Anaishi na mkewe na watoto watano chumba kimoja, wanalala kwa zamu kama walinzi.

"Mimi sina bao hata moja," akasema Semhando, na alisema kwa upole. "Andikeni hivyo. Halafu chukueni kila bao la miaka ile tisa, mjiulize lilianzia wapi."

"Penalti ulipewa," mtu akamkumbusha, "ukagonga mwamba."

"Niligonga. Mwamba ulirudisha, Juma akafunga. Na lile pia liandike."

Wakacheka tena, na Zawena hakucheka, kwa sababu zamu sasa ilikuwa ya Kibwana, na Kibwana alicheza mechi kumi na nne tu.

Vijana walimsemea. Walisema hao wazee wawili walipata muda, Kibwana alipata dakika, na dakika yake ilikuwa nzito kuliko miaka ya wengine. Wakaikumbusha mechi ya mwaka jana. Shime isiposhinda inashuka daraja, na wenye shamba walikuwa wameshatamka kwamba ikishuka wanaivunja na nyumba ya kona wanampa karani. Dakika ya mwisho, sare haitoshi. Mpira unakwenda nje kushoto, wachezaji wote wamesimama, hata mashabiki wameanza kukunja mikeka, na Kibwana peke yake anakimbia. Akateleza, akauwahi pale kwenye mstari wa goli, mguu ukaingia kwenye mfereji wa saruji nyuma ya kona, ukavunjika mara mbili, mlio ukasikika mpaka ng'ambo, na krosi ikafika. Kichwa, bao. Mwamuzi akapuliza ya mwisho Kibwana akiwa bado kwenye mfereji.

"Mechi kumi na nne mpira wenyewe haujachakaa," mzee mmoja akasema.

Kibwana akaegemea gongo. "Kumi na nne, baba, ni kweli. Lakini hiyo ya kumi na nne ndiyo iliyowaweka hapa leo mnabishana. Msingekuwa na timu. Msingekuwa na nyumba ya kumpa mtu."

Bwana Mntambo akawaambia watu wasimame nyuma ya wamtakaye. Desturi ilisema asiyepata zaidi ya nusu hachukui. Wakasimama, wakahesabiwa, hakuna aliyepata nusu. Wakarudia, wengine wakahama, wakatukanana kidogo, hakuna aliyepata nusu. Mara ya tatu ndugu wawili wa tumbo moja walikaribia kushikana mashati, na bado hakuna aliyepata nusu.

Ndipo Bwana Mntambo akasema neno ambalo Zawena alikuwa akiliogopa tangu Alhamisi. Akasema, basi aitwe mfua jezi.

Maana hiyo nayo ilikuwa desturi. Mashabiki wakishindwa, anayefua jezi ndiye anayetoa ufunguo, kwa kuwa anayefua anajua nani alirudi na tope kifuani na nani alirudi msafi. Na mfua jezi wa Shime, kazi aliyoirithi kwa mama yake, alikuwa Zawena.

Kukawa na kelele. Watu wa Chambo wakasema mke hawezi kumhukumia mumewe, nyumba imeshakwenda, tufunge kikao. Bwana Mntambo akawajibu kwamba desturi haiulizi mfua jezi kaolewa na nani, inauliza tu kama kafua. Na kiapo kipo, akasema. Likaletwa beseni lake Zawena mwenyewe, lenye jezi zilizolowekwa za mechi ya jana. Anatia mkono wa kulia kwenye maji, anasema hakuna alichokiona uwanjani akakificha, halafu anataja jina. Ni hivyo tu. Akapewa ufunguo mkono wa kushoto.

Akapiga magoti mbele ya beseni. Maneno mawili tu, Baba Nasra, na Nasra analala pakavu kesho. Alimtazama Kibwana, na Kibwana hakumkonyeza wala hakutikisa kichwa, alikuwa anamtazama mtoto. Zawena akatia mkono kwenye maji. Maji yalikuwa ya baridi. Akafungua mdomo kusema sikuficha kitu, na mgongoni kifua cha Nasra kikakoroma.

"Siwezi," akasema. "Nilificha."

Akayasema yote kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi, akiogopa kwamba akinyamaza hatarudia. Kwamba siku ile ya mechi alikuwa na mimba ya miezi saba, anasuuza jezi za akiba pale bombani kwa Mzee Mndolwa, nyuma kabisa ya kona. Kwamba aliuona mpira, na aliuona mstari wa chokaa, na katikati ya mpira na mstari aliona udongo. "Mpira ulikuwa umetoka wote," akasema. "Baba Nasra aliurudisha kutoka nje. Sijamwambia mtu. Hata yeye sijamwambia."

Kibwana alikaa chini, gongo likaanguka pembeni. Akasema yeye hakuuangalia mstari, aliuangalia mpira, angeangalia mstari asingeukimbilia. Akasema mpira ulitoka, sawa, lakini mguu haukuvunjika kwa uongo.

Watu wa Chambo walishaanza kushangilia pale Semhando aliponyoosha mkono. Na hapa kumbukeni jambo moja: katika ligi ile ya mashamba kila timu ilitoa mtu mmoja wa kushika kibendera pembeni, na siku ile Shime ilikuwa imemtoa Semhando.

"Mwacheni huyu binti," akasema. "Nami niliuona. Nilikuwa hatua tano, na kibendera mkononi. Mkono ulitaka kupanda, nikaukataza. Miaka tisa niliwapa watu mabao. Lile nalo nililitoa mimi. Ile ndiyo krosi yangu ya mwisho, na ndiyo iliyoibakiza timu."

Chambo akatema mate pembeni. "Mabao themanini na matatu," akasema, "na hakuna hata moja lililohitaji mtu anyamaze. Mnatafuta bora au mnatafuta mjanja?"

Muuza maandazi akamjibu pale pale, safari hii bila mzaha. "Kwa mabao yako safi, mzee wangu, timu ingekuwa imeshavunjwa, na leo karani angekuwa anaanika nguo zake pale."

Hapo kila mtu akasema lake kwa wakati mmoja. Wengine walitaka ushindi ule uandikiwe barua kwa wakuu wa ligi, wengine wakasema atakayeandika barua ahame shamba. Bwana Mntambo aliwaacha mpaka wakachoka. Kisha akamwinamia Zawena, akamwambia mechi haiwezi kurudiwa, na kiapo sasa kimetimia kwa sababu hakuna tena kilichofichwa. Ufunguo bado uko kwako, Mama Nasra. Taja.

Zawena akainuka, mkono mmoja unadondosha maji, mkono mmoja una ufunguo. Mbele yake wamesimama watatu. Yupo Chambo, aliyepita watu wote na hakumpa mtu mpira. Yupo Semhando, aliyewapa watu wote na akatoa zawadi moja isiyokuwa yake. Yupo Kibwana, aliyeukimbilia mpira walioukatia tamaa watu wote, akaufikia ukiwa umeshatoka, na mguu wake ukabaki pale. Nasra akakohoa, kikohozi kile kikavu cha alipolazwa mara ya pili, na Zawena akalitaja jina, kwa sauti ndogo, lakini walisikia mpaka waliokuwa golini.

Jina hilo mimi ninalo. Sitalitoa kabla sijasikia lenu, nanyi hamna mtoto anayekohoa mgongoni, kwa hiyo msiseme haraka. Winga bora wa Shime alikuwa yupi, na nyumba ile nani aliistahili? Na kama mtaona ni wawili tofauti, je, yule mama aliupeleka ufunguo kwa nani?